Kusemwa na Kusikilizwa: Heshima ya Mnyonge kutoka Kusadikika hadi Kibera

Swali la utu ni kongwe katika fasihi ya Kiswahili, na kwa kawaida huangaliwa kwa upande wa haki na dhuluma. Upo upande mwingine unaostahili uzito wake: haja ya binadamu ya kusikilizwa. Makala haya yanadai kwamba kusikilizwa si sawa na kuruhusiwa kusema, wala si sawa na kusemwa. Tofauti hiyo aliionyesha Shaaban Robert katika Kusadikika (1951), na leo inadhihirika katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi.

Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Utetezi wake ni masimulizi ya wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mashauri ya manufaa, kisha wakatiwa gerezani. Yafaa izingatiwe kwamba wajumbe hao hawakukosa ulimi. Walitumwa rasmi, nao wakasema waliyoyaona. Walichokikosa ni sikio lililo tayari kubadilika. Karama anaokoka kwa kuwa mfalme anakubali hukumu igeuzwe na maneno ya mshtakiwa. Hapo ndipo kilipo kiini cha heshima: kumsikiliza mtu ni kukubali kwamba analolisema laweza kuugeuza uamuzi wa msikilizaji.

Kwa kipimo hicho, Kibera ni mahali panaposemwa mno na kusikilizwa kidogo. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba mtaa huo una watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ikahesabu takriban 170,000. Hesabu hiyo imebishaniwa, lakini ubishi wenyewe una funzo. Wafadhili, wanasiasa na waandishi walikuwa na sababu zao za kuitaja idadi kubwa, huku wenyeji wakibaki kuwa tarakimu tu. Aidha, hadi mwaka huo Kibera ilikuwa karibu patupu katika ramani za umma, mpaka vijana wa mtaa wenyewe, katika mradi wa Map Kibera, walipopita wakitia alama vichochoro, shule na vituo vya maji. Mwaka 2010 Kennedy Odede, aliyelelewa Kibera, alipinga katika gazeti la New York Times utalii wa kutembeza wageni katika mitaa ya mabanda, akisema kwamba unageuza umaskini kuwa burudani. Mgeni hupiga picha akaenda zake. Hakubisha hodi, wala hakungoja kuambiwa karibu.

Kawangware inaonyesha sura nyingine, isiyo na kamera. Mtaa huo umepakana na Lavington, na kila alfajiri wafanyakazi wa nyumbani, walinzi na vibarua wa mjengo huvuka kwa miguu kwenda kwenye majumba ya huko. Mwanamke aliye Mama Fulani kwa majirani zake anapovuka huwa ‘mboch’. Mzee mwenye wajukuu huwa ‘soja’. Mshahara wake haujapungua njiani, ila jina limepungua, na pamoja nalo uwezekano wa neno lake kutiliwa maanani. Huambiwa mengi kutwa nzima, lakini haulizwi rai.

Yawezekana kupinga kwamba mwenye njaa huhitaji chakula kwanza, na heshima baadaye. Hoja hii ina nguvu, kwani heshima haijazi chungu. Hata hivyo inatenganisha mambo yasiyotengana. Choo kinachojengwa bila kuwauliza wanawake huenda kikawekwa mahali wasipothubutu kufika usiku. Bomba hufuata neno la anayesikilizwa. Wanubi, wazawa wa askari wa King's African Rifles waliokalishwa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, ambao lugha yao ndiyo iliyoupa mtaa huo jina lenye maana ya msitu, walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017. Kwa zaidi ya karne moja walisema. Kusikilizwa kulikuja baadaye, nako kukawa na umbo la ardhi. Wala sikio hilo halikumaliza kazi yake hapo, kwa maana wapangaji wa makabila mengine nao wana lao la kusema juu ya ardhi hiyohiyo.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii husifiwa kwa uadilifu wake, lakini ikichunguzwa inakiri haki na kuuacha unyongaji uendelee. Inampa mnyonge stahili yake bila kumpa neno katika kuamua stahili hiyo ni ipi. Kusadikika inapita hapo, kwa sababu ndani yake mshtakiwa ndiye anayemfundisha hakimu.

Mtihani huo unamhusu pia mwanafasihi. Riwaya, filamu na tasnifu juu ya mitaa hii zitaendelea kutungwa, na nyingi zitakuwa na huruma. Huruma haitoshi. La kuulizwa ni kama yupo mwenyeji ambaye neno lake limeigeuza kazi hiyo, hata sura moja tu ikafutwa au kuandikwa upya kwa ajili yake. Mtafiti anayebisha hodi Kawangware hana budi awe tayari kuambiwa asubiri nje, au arudi siku nyingine.