Baba Akivuta Sigara, Mtoto Naye Huvuta



Mama mmoja ametuandikia barua ndefu, na kwa kuwa shida yake ni shida ya wengi, nimeona vyema nimjibu hapa mbele yenu nyote. Yeye na mumewe walifunga ndoa kanisani miaka sita iliyopita, na Mungu amewajalia watoto wawili. Wanaishi mjini katika chumba kimoja cha kupanga, kitanda upande huu wa pazia, jiko upande ule. Mume si mlevi, mshahara anauleta nyumbani, na Jumapili hakosi Misa. Lakini akirudi jioni huketi kitandani akawasha sigara, na kabla ya kulala huwa amevuta tatu au nne.

Mtoto wao mdogo ana miezi minane. Amelazwa hospitali mara mbili kwa ajili ya kifua, na mara ya pili daktari alimwuliza mama ni nani anayevuta sigara nyumbani. Mama alipolifikisha swali hilo kwa mumewe, alijibiwa kwamba yeye mwenyewe alilelewa na babu aliyevuta kiko usiku kucha na hakuna aliyekufa. Tena nyumba ni yake, kodi analipa yeye. Basi mama akazichukua pakiti mbili alizozikuta chini ya godoro, akazitumbukiza chooni. Tangu siku hiyo, anasema, wanasalimiana kama wapangaji.

Dada yangu, nianze na daktari, kwa maana aliuliza swali la haki. Sigara hutoa moshi wa namna mbili: ule ambao mvutaji huuvuta na kuutoa, na ule unaopanda kutoka kwenye ncha inayoungua wakati sigara imetulia mkononi. Wote wawili hujaa chumbani. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati yake hujulikana kuwa huleta saratani. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Hawezi kuinuka akatoka nje. Ndiyo sababu watoto wa nyumba za wavutaji huugua zaidi nimonia na mkamba, masikio yao huuma na kutoa usaha, na wenye pumu hubanwa mara kwa mara. Hata vile vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini, ambavyo jirani huwa wepesi kuvitafutia mchawi, moshi wa sigara ni mojawapo ya mambo yanayovisababisha. Mwaka wa 2006 Mganga Mkuu wa Marekani alitoa ripoti kubwa iliyosema kwamba hakuna kiasi cha moshi huo kisicho na hatari. Kufungua dirisha hakutoshi. Na wewe mama humo usijisahau: mwaka wa 1981 daktari wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 zaidi ya wanawake 91,000 walioolewa, ambao wenyewe hawakuvuta. Wale ambao waume zao walivuta sana walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao.

Sasa nizungumze na wewe, baba wa nyumba hiyo, kwa kuwa natumaini mkeo atakuwekea gazeti hili mahali utakapoliona.

Habari ya babu naijua. Kila ukoo una babu wa namna hiyo, na mimi pia ninaye. Lakini babu aliyepona hatuambii neno juu ya mtoto huyu, ambaye kitanda cha hospitali amekwisha kukijua mara mbili kabla ya kujua kutembea. Labda pia utasema kwamba jiko la mkeo lina moshi kuliko sigara yako. Hapo, ndugu yangu, huenda unasema kweli, wala sitakuficha. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Basi jiko nalo litolewe mlangoni wakati wa kuwasha, na makaa yasiachwe kamwe yakiwaka chumbani usiku, kwa maana hewa yake huua watu usingizini. Ila ubaya wa jiko haukupi ruhusa ya kuongeza sigara. Ugali haupikiki bila moto. Sigara unaweza kuipeleka nje.

Hilo la kwamba nyumba ni yako ndilo lililonisumbua zaidi. Siku ya arusi yenu, kabla ya kuahidiana, padre aliwauliza kama mko tayari kuwapokea watoto kwa upendo kutoka kwa Mungu. Mliitikia kwa sauti, mashahidi wakiwapo. Mtu hupokea kitu kutoka kwa mwenyewe. Mtoto huyo basi ana mwenyewe, nawe umewekwa mlinzi wake. Je, mlinzi aweza kusema kwamba anafanya apendavyo kwa kuwa kodi ya ghala analipa yeye?

Sitaki kubishana nawe kama kuvuta sigara ni dhambi kubwa au ndogo. Katekisimu ya Kanisa, katika nambari 2290, inaitaja tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa miongoni mwa vitu ambavyo fadhila ya kiasi hutuepusha na kuvitumia vibaya. Lakini fungua pia barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, sura ya nane. Waumini walikuwa wakigombana juu ya nyama. Paulo hakuona kwamba nyama ile ilikuwa na ubaya ndani yake, hata hivyo alikuwa tayari kuiacha maisha yake yote kama ilimkwaza ndugu aliye dhaifu. Nyumbani mwako aliye dhaifu ni nani, kama si huyo wa miezi minane? Hata marehemu Papa Fransisko aliamua mwaka wa 2017 kwamba kuanzia mwaka uliofuata sigara zisiuzwe tena Vatikani, ingawa biashara hiyo ilikuwa ikileta fedha nyingi.

Anza na hatua hii, na uianze jioni ya leo: sigara isiwashwe tena ndani, hata mvua ikinyesha, hata watoto wakiwa wamelala. Toka uende mbali na mlango. Ukimaliza, nawa mikono na ubadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto, kwa maana moshi hushika nguo. Kisha fikiria kuacha kabisa. Nikotini humfunga mtu, na wengi hushindwa mara kadhaa kabla ya kufaulu, basi usione haya kwenda kwa daktari upate ushauri na hata dawa za kukusaidia. Wengine huchagua Kwaresima. Ni wazo jema, ila mtoto wako asingojee Jumatano ya Majivu.

Nawe mama, akianza kuacha, siku za kwanza atakuwa mkali na usingizi utampotea. Usimwambie kwamba afadhali alipokuwa akivuta. Wala usimpeleke kwa mama mkwe au mbele ya jumuiya ndogo ili aaibishwe. Ongea naye mkiwa wawili, mtoto akiwa mzima na tumbo likiwa limeshiba. Na usingoje apatane nawe ndipo umpeleke mtoto hospitali: ukimwona anapumua mbio mbio, au kifua kinabonyea chini ya mbavu, nenda saa hiyo hiyo.

Mwisho wa barua umeuliza kama ulitenda dhambi kuzitupa zile pakiti. Ulikuwa umetoka kukesha wodini, naamini Mungu anakuelewa. Lakini ulimtendea mumeo kama mtoto, naye akakujibu kitoto. Mwombe radhi kwa hilo, na kwa hilo tu. Usimnunulie nyingine. Halafu mtolee kigoda nje, ukaketi naye kidogo, upande ambao upepo hautakuletea moshi.