Tulimlipa Kasia

Nina cheti cha mtazama ndege bora wa mwaka. Nilikabidhiwa na kikundi chetu hapa Mwanza, mbele ya watu wasiofika thelathini, kila mmoja na soda yake. Kigezo kilikuwa kimoja: nani ameorodhesha aina nyingi zaidi za ndege.

Sehemu kubwa ya orodha ile niliipatia kwenye mtumbwi wa mzee mmoja wa Luchelele. Mimi nilikuwa na darubini na kitabu. Yeye alipiga kasia, akasema bila kugeuka, "Kwenye matete, kushoto," na kweli mdiria mdogo mwenye mgongo wa buluu alikuwa pale, mahali ambapo mimi ningepita hivi hivi. Mnandi nilidhani ni wa aina moja. Ni yeye aliyenitenganishia yule mkubwa mwenye kifua cheupe na yule mdogo mwenye mkia mrefu.

Nilipouliza kwa nini hakupendekezwa, mwanakamati mmoja alinijibu kwa upole: "Yule si wa kujitolea. Tunamlipa."

Nilikosa la kusema, maana ni kweli tunamlipa. Lakini tunamlipa kasia. Macho hatujawahi kuyalipa, wala hakuyadai. Je, mtu akipokea ujira wa kazi moja, alichokitoa bure humo humo kinaacha kuwa zawadi? Na mimi ninayeitwa wa kujitolea, ninajitolea nini hasa? Mshahara wangu unaingia hata nikilala Jumamosi nzima. Saa tunazokaa kimya tukimsubiri kwazi arudi kwenye mti wake ni mapumziko kwangu. Kwake ni saa ambazo nyavu haziko majini.

Mjini, ukisimama ufukweni, unakiona Kisiwa cha Saanane. Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, aliishi pale hadi alipohamishwa mwaka 1964 ili kisiwa kiwe bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Jina lake ndilo lililobaki, na wageni hulisoma wakishuka kwenye boti. Huwa najiuliza kama lile jina ni tuzo au ni risiti. (Wenzangu huona nakuza mambo. Huenda.)

Wiki iliyopita nilimpelekea mzee cheti changu, nikamweleza kwamba ndege wa majini huhesabiwa kila Januari katika nchi nyingi, na kwamba safari hii nataka jina lake liandikwe kwenye fomu kama mwangalizi, sambamba na langu, ili mwakani kamati ikose kisingizio. Alikigeuza cheti, akatazama muhuri kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama ndege yeyote.

"Hiki mtu anaweza kuombea chuo?"

Nikasema kinaweza kusaidia.

"Basi andika la binti yangu. Amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani tu. Mimi cheti nitakipeleka wapi, mwanangu?"

Binti huyo sijawahi kumwona ndani ya mtumbwi. Nilimwambia mzee nitafikiri. Fomu iko mezani kwangu. Nafasi ya mwangalizi wa pili bado sijaijaza.