Nyumba ya Waliotalikiana: Amana, Jasho na Mahakama Inayostahili Kuamua

Swali la mahakama ipi isikilize mgogoro wa nyumba kati ya watu waliokuwa mume na mke huchukuliwa na wengi kuwa jambo la utaratibu tu, la mafaili na mihuri, lakini kwa undani wake ni swali la falsafa ya haki, kwa sababu kila chombo cha sheria huuendea mgogoro kikiwa na maswali yake, na jambo ambalo halikuulizwa haliwezi kuamuliwa.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya matofali ya kuchoma katika kata ya Cheyo, mjini Tabora, ambayo karatasi ya mauziano ya kiwanja chake ina jina la mume peke yake. Mke hakutoa shilingi moja kukinunua, lakini ndiye aliyechota maji ya kufyatulia matofali, akawapikia mafundi, akasimamia ujenzi miezi ambayo mume alikuwa kazini mbali, na akawalisha watoto kwa mavuno ya shamba lake ili mshahara wa mume uende kwenye saruji na mabati. Ndoa ikishavunjika, mume hufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chombo kilichowekwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, akidai kwamba mtalaka wake anakalia nyumba isiyo yake. Hapo swali linakuwa moja tu: mwenye nyumba ni nani?

Mke anaweza kujibu kwa hoja ya amana, yaani kanuni kwamba aliyeandikwa kuwa mwenye mali huenda ameishika kwa ajili ya mwingine mwenye haki ya kunufaika nayo. Kanuni hii ilikuzwa na mahakama za Uingereza ili kulainisha ugumu wa hati, na imewaokoa wengi. Hata hivyo, jicho lake kwa kawaida hutafuta fedha au makubaliano. Mwaka 1984 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Burns dhidi ya Burns, ilimnyima fungu mwanamke aliyeishi na mwenzake miaka 19 na kumzalia watoto wawili, kwa kuwa kazi ya kutunza nyumba na kulea haikuhesabiwa kuwa mchango katika ununuzi. Na kwa kuwa wawili hao hawakuwa wameoana, majaji hawakuweza kumsaidia kwa sheria ya talaka. Kenya nayo ilipita njia hiyo. Katika shauri la Echaria la mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ilikataa kuuhesabu mchango usio wa fedha, hadi Sheria ya Mali za Wanandoa ya mwaka 2013 ilipoutambua waziwazi.

Tanzania ilikuwa imekwisha jibu swali hilo mapema zaidi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huanza na dhana kwamba mali iliyo katika jina la mwanandoa mmoja ni yake, dhana inayoweza kukanushwa kwa ushahidi, lakini kifungu cha 114 huipa mahakama, inapotoa talaka au baada ya kuitoa, uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa jitihada za pamoja, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango ndani ya maana ya kifungu hicho. Inafaa kukumbuka, kwa kuwa wanaolitaja shauri hilo husahau mara nyingi, kwamba mrufani mwenyewe hakupata fungu zaidi, kwa sababu ilionekana kuwa alikuwa amekwisha pokea fedha za mradi wa familia na kuzitumia vibaya. Matokeo hayo hayaipunguzi hadhi hukumu hiyo. Yanaonyesha kwamba mahakama ya ndoa hupima maisha yote ya wawili, yaliyojenga na yaliyobomoa, kwa kila upande, na upimaji wa namna hiyo hauna nafasi katika shauri la uvamizi wa ardhi.

Katika nchi ya Unyamwezi hoja kwamba kazi ni mchango ina mizizi ya kihistoria. Katika karne ya 19, wakati Tabora ilipokuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya pwani na Ujiji, vijana wa Kinyamwezi walichukua mizigo hadi pwani na kurudi na nguo, majembe na mali nyingine, na waliorudi na utajiri waliugeuza kuwa ng'ombe. Wapo wanawake waliosafiri na misafara hiyo, lakini wengi walibaki wakilima, na bila akiba ya chakula chao hakuna kaya ambayo ingemwachia mtu wake aende safari ya miezi mingi. Mali iliyoonekana kuchumwa na mchukuzi mmoja ilikuwa imechumwa na watu wawili waliokuwa mbalimbali.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa baadhi ya wanazuoni wa Uislamu, dini iliyoingia Tabora kwa njia hiyohiyo ya misafara. Sharia, wanasema, huitenga mali ya mke na ya mume: mke hubaki na chake, na matunzo ni wajibu wa mume, hivyo kugawana mali wakati wa talaka kunaweza kumfungulia mume mlango wa duka la mkewe. Hofu hiyo ni ya haki na haifai kudharauliwa. Lakini kutenga mali hakumaanishi kufuta jasho. Surat An-Nisaa, aya ya 32, huwapa wanaume na wanawake kila mmoja fungu katika alichochuma, na aya ya 58 ya sura hiyohiyo huamuru amana zirudishwe kwa wenyewe na hukumu itolewe kwa uadilifu. Huko Morocco, katika karne ya 16, mwanazuoni wa Kimaliki Ibn Ardun alitoa fatwa kwamba mwanamke wa milima ya Ghomara aliyefanya kazi shambani ana fungu katika mavuno. Waislamu wengi wa Tanzania ni Mashafii na fatwa hiyo haiwafungi, ila inathibitisha kwamba fikihi ina nafasi ya kuutazama mchango wa kazi kama haki ya mwenye kuifanya, wala si hisani ya mume. Mafundisho ya Kikristo ya mwili mmoja huelekea upande huohuo, ingawa hayasemi mafungu yawe mangapi.

Kwa hiyo mgogoro wa nyumba ya Cheyo unastahili kusikilizwa na mahakama yenye mamlaka ya ndoa, ambayo kwa kifungu cha 76 cha Sheria ya Ndoa ni Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Dar es Salaam ina hata kituo maalumu cha mashauri ya familia huko Temeke, kilichoanza mwaka 2021. Tatizo ni kwamba baraza lisilo na mamlaka huliondoa shauri badala ya kulipeleka panapostahili, na mdai huanza upya kwa madai mapya na mashahidi walewale, ambao baadhi yao huenda wamekwisha hama mji. Sheria ingetenda haki zaidi kama ingeruhusu jalada lenyewe kuhamishwa pamoja na ushahidi uliokwisha pokelewa.

Uhamisho huo, hata hivyo, una mpaka. Pale ambapo kiwanja kinadaiwa na baba mkwe, ndugu au ukoo, mahakama ya ndoa haiwezi kukigawa kana kwamba wadai hao hawapo, kwa kuwa mtu asiyeitwa hawezi kunyang'anywa chake kwa hukumu ya watu wawili. Katika hali hiyo Baraza la Ardhi linarudi kwenye kazi yake halali ya kuamua kama ardhi ni ya ukoo au ya wanandoa, na fungu la kila mtalaka katika kile kitakachothibitika kuwa chao hubaki kwa mahakama iliyovunja ndoa.