Nani Humlea Mwenziwe?

Wahenga walinena: mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii imempa mzazi heshima, na imembebesha lawama pia. Kijana akipotoka, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama yake. Lakini nani aliyepata kulea asiyejua kwamba mwana naye humfinyanga mzazi? Mtoto mtulivu humzidishia mama upole. Mtoto wa vilio humchosha, na uchovu huzaa ukali.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bell, aliwakumbusha wenziwe jambo hilo: ukali wa mzazi ukienda sambamba na ukaidi wa mtoto, bado hatujui kipi kimekizaa kingine. Mwaka 1975 Arnold Sameroff na Michael Chandler wakasisitiza kuwa mtoto na mazingira yake hubadilishana kadiri miaka inavyokwenda. Watafiti wengi wamejaribu kuyapima mapokeano hayo kwa takwimu: ukali na ukaidi hupimwa mwaka huu na kupimwa tena mwaka ujao, kisha hutazamwa kama kimoja kilikitabiri kingine.

Takwimu ni mizani njema, ila mizani haipimi kisichotiwa. Mwaka 2015 Ellen Hamaker na wenziwe walionyesha kuwa njia hiyo huchanganya mambo mawili: tofauti ya kudumu baina ya nyumba na nyumba, na badiliko ndani ya nyumba moja. Nyumba yenye ukali sikuzote ikiwa na mtoto mkaidi sikuzote, hilo halitwambii kama mama alipozidi kawaida yake ndipo mtoto naye alipozidi yake. Walipendekeza njia ya kuyatenga mawili hayo. Hata hivyo yabaki ya njaa, maradhi na ugomvi wa ndoa, yapandayo na kushuka bila ya kuandikwa. Tena upo muda: anayefika ufukweni mara moja kwa mwaka hawezi kueleza kujaa na kupwa kwa maji ya kila siku, na ugomvi wa mama na mwana huanza na kwisha kabla chai haijapoa.

Je, tuzitupe takwimu? La hasha. Bila ya hizo tungebaki na uvumi wa majirani, mizani mbovu zaidi. Na zituonyeshe yaliyo ya wengi; zisitumiwe kumhukumu mmoja. Atakaye kujua nani alianza, na akae barazani mwa nyumba ile kwa muda mrefu. Huenda akiondoka asiulize tena nani alianza, bali nani awezaye kuacha kwanza. Na hapo mzigo, kwa haki, humrudia mkubwa.