Nyumba Hupambwa kwa Ajili ya Nani?

Katika mambo yanayowashughulisha sana watu wa miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Vanga, ni mapambo ya nyumba. Harusi haikaribii wala Idi haiingii ila utaona makochi yanabadilishwa, mapazia yanashonwa, na dari inashushwa kwa jasi ikatiwa taa za kujificha. Picha za nyumba za watu hupita katika simu, mkono hata mkono, na kila azionaye hugeuka akazitazama kuta zake mwenyewe, akaziona zimechakaa ilhali jana zilikuwa zikimridhisha. Hatukukusudia kulilaumu jambo hili kwa jumla. Kupenda nyumba nzuri ni katika tabia njema, na mtu asiyejali nyumba yake ikiwa safi au chafu hatuoni kuwa amezidi kwa uchaji Mungu kwa sababu hiyo. Tulilokusudia ni kuuliza suali moja tu: nyumba hupambwa kwa ajili ya nani?

Suali laonekana jepesi. Mtu atajibu upesi, "Kwa ajili yangu na watu wangu." Lakini na tuitazame sebule. Katika majumba mengi ya mjini, chumba kilicho bora, chenye madirisha mawili na upepo, ndicho sebule. Ndani yake mna makochi ambayo bado yamevaa mifuko ya plastiki waliyoletwa nayo kutoka dukani, meza ya kioo isiyowekwa kitu, maua yasiyonuka, na zulia ambalo watoto hufukuzwa wasilikanyage. Mlango hufungwa. Watu wa nyumba hiyo, pengine saba au wanane, huishi katika chumba cha nyuma karibu na jiko: ndimo wanamokula, ndimo watoto wanamosoma, ndimo mama anamoshona. Na bibi mzee, ambaye hatoki siku nzima, amelazwa katika chumba kisicho dirisha. Akibisha mgeni, hapo ndipo sebule hufunguliwa na taa zikawashwa. Mgeni mwenyewe huja mara mbili kwa mwezi, hukaa nusu saa, akanywa sharubati akenda zake. Tukihesabu kwa saa, basi chumba kizuri kuliko vyote katika nyumba hiyo hakikaliwi na mtu.

Lau jambo hili lingekuwa ni la upuuzi tu, tusingelishughulisha gazeti. Lakini lina gharama, na wenye kuilipa ni wale wasiokaa katika sebule. Makochi yamechukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na kila mwisho wa mwezi mwenye duka hutangulia kuliko karo ya skuli. Tunawajua watu waliofunga ndoa wakaanza maisha yao wakiwa na deni la fanicha ambalo halikwisha hata mtoto wa kwanza akaanza kutambaa. Mume hurudi nyumbani usiku ili asikutane na mdai wake barazani. Nyumba ya namna hiyo ina kila kitu isipokuwa raha.

Na raha ndiyo maana yenyewe ya nyumba. Katika Suratin-Nahl Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema hii, kwamba majumba yetu ameyafanya kuwa ni mahali petu pa utulivu. Sisi Waswahili tumelipokea neno "maskani" kutoka katika Kiarabu, na asili yake ni hiyo hiyo ya kutulia, na ndiko linakotoka neno "sakina". Basi kila kipambo kinachotiwa ndani ya nyumba kina haki ya kuulizwa: je, kimeongeza utulivu wa wanaokaa humu, au kimeupunguza?

Wako ndugu zetu wenye msimamo mkali ambao huona kuwa suala hili lina jibu fupi: mapambo yote ni dunia, na yaachwe. Hatukubaliani nao. Katika Suratil-A'raf waliokemewa ni wenye kufanya israfu, na wakakemewa vile vile wenye kuyaharimisha mapambo ambayo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Na imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipoonya juu ya kibri, mtu mmoja alitaja kuwa yeye hupenda nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Mtume akambainishia kuwa uzuri ni jambo alipendalo Mungu, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tazama jinsi alivyoyatenga mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kitambaa hakina kosa. Kosa huingia pale kinapokuwa ni ngazi ya kumtazamia jirani kutoka juu.

Na iko khabari nyengine, iliyo karibu zaidi na maudhui yetu. Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia nyumbani kwake, na Mtume aliporudi safari akaliona, hakulipenda, akaliondoa, akasema maneno ambayo maana yake ni kuwa hatukuamrishwa kuyavisha mawe na udongo. Maulamaa wamelizungumza sana jambo hili, kama sababu ni zile sura zilizokuwa katika kitambaa au ni kule kuuvisha ukuta, wala hapa si mahali pa kuingia katika khitilafu hiyo. Sisi twataka kuonyesha kilichofuata. Bibi Aisha alikikata kitambaa kile akafanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo. Kitambaa ni kile kile kimoja. Kilipokuwa juu ya ukuta kilikuwa hakimfai mtu. Kilipokuwa mto, aliyechoka aliegemea.

Wazee wetu wa pwani nao walikuwa na somo lao katika jambo hili, na wengi wetu hupita mbele ya somo hilo kila siku bila ya kulisoma. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyingi katika nyumba zake za mawe ni za karne ya 18. Mtu apitaye njiani haoni ila ukuta mtupu wa matumbawe na mlango. Mbele ya mlango pana daka, lenye viti vya mawe huku na huku, na hapo wageni wengi huishia. Aingiaye hupita tekani akatokea kiwandani, penye mwangaza wa mbingu. Kisha hufuata misana, mmoja nyuma ya mwengine, na sakafu hupanda kidogo kila uingiapo, na nakshi za chokaa huzidi kila uingiapo. Mwisho ni ndani, chumba cha wenyewe. Humo ndimo mlimokuwa na zidaka, safu juu ya safu, zimechongwa kwa chokaa, zikiwekwa vyombo vya kaure vya Kichina na vitabu na vitu vingine vya thamani. Vyumba hivyo vilikuwa vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mkoko, nao haukuzidi sana meta 3. Na zidaka, kwa vile vivuli vyake, ziliufanya ukuta uonekane kuwa na kina, na chumba kikaonekana kipana kuliko kilivyo.

Basi kilicho kizuri kuliko vyote kiliwekwa mbali kabisa na njia, mahali ambapo mama wa nyumba, watoto wake na jamaa zake ndio walioamka nacho na kulala nacho. Leo zidaka hizo huigwa katika hoteli, zikawekwa mkabala wa mlango ili mgeni azione kabla hajaandikisha jina lake. Hatuwalaumu wenye hoteli, kwani biashara yao ni wageni. Twawashangaa wenye nyumba waliofanya kama wenye hoteli.

Wala tusizidanganye nafsi zetu kwamba waliojenga majumba yale walikuwa malaika. Walikuwa matajiri, na kazi za majumba yao zilifanywa na watumwa, ambao hawakulala katika chumba cha zidaka. Vyombo vya kaure navyo vilikuwa vya kujifakhiri, na milango ya nakshi ilikuwa ikimwambia mpita njia kwamba hapa pana mtu. Hatusemi turudi kwao katika kila jambo. Twasema kwamba katika kupanga nyumba walijua pa kuanzia: walianza ndani wakatoka nje, nasi twaanza nje na mara nyingi fedha hutwishia njiani.

Hapa tutaulizwa, na ni haki kuulizwa: "Je, kumkirimu mgeni si katika dini? Na Mswahili ana sifa gani tena akiikosa hiyo?" Ni kweli, na mgeni ana haki juu yetu. Lakini haki yake ni uso wa bashasha, chakula, na mahali pa kulala akilaliwa na usiku. Imepokewa kuwa Mtume alihesabu malazi: la mume, la mke, la tatu ni la mgeni, na la nne akalinasibisha na shetani. Mgeni ametengewa malazi kamili, wala hakusahauliwa. Ila hakupewa nyumba nzima. Na zaidi ya hayo, mgeni mwenye mapenzi hukaa kwa raha zaidi penye mkeka uliokaliwa kuliko juu ya kochi la plastiki lenye kumnatanata mapajani, akiogopa kumwaga kahawa. Ajaye ili kutazama makochi, huyo ni mkaguzi, na hatukuamrishwa kumkirimu mkaguzi.

Sasa tuseme la kufaa kutendwa, kwani twajua kuwa wasomaji wetu, na khasa mabibi, hawapendi waraka wenye kukosoa tu. Mwenye fedha kidogo na apendaye kuitengeneza nyumba yake, na aanze kwa yule anayekaa ndani saa nyingi kuliko wote. Katika nyumba nyingi huyo ni mama jikoni, au mzee kitandani. Jiko lililofanywa jeusi na moshi wa seredani lipigwe chokaa nyeupe, litobolewe dirisha la pili mkabala wa la kwanza ili moshi upate pa kutokea, na rafu ziwekwe kwa kimo cha yule apikaye. Mzee ahamishiwe chumba chenye upepo, hata kikiwa ni sebule. Tunajua kuwa neno hili litawaudhi baadhi ya watu. Na waudhike.

Kisha, kabla ya kununua, aondoe. Chumba chetu cha pwani huzibwa na vitu kuliko kinavyopungukiwa navyo. Kabati lililosimama mbele ya dirisha limeuza upepo wa kusi kwa bei ya sahani zisizoliwa. Mapazia ya mahameli ni ya nchi za baridi. Kwetu hushika vumbi na unyevu, na pamba nyepesi, au kanga mbili zilizoshonwa vizuri, hupitisha hewa na kutia mwangaza wenye rangi. Dari ya jasi ina kazi chini ya bati, kwa kuwa huzuia joto. Lakini katika ghorofa yenye dari ya saruji, kuishusha ni kujipunguzia hewa kwa fedha zako mwenyewe.

Wenye bahati ya kuwa na nyumba za mawe ya matumbawe watahadhari na saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukitiwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu yake, unyevu hufungiwa ndani, na baada ya muda rangi hubambuka vipande vipande, na mwenye nyumba akanunua rangi nyengine. Chokaa ni rakhisi, huangaza, na hurudiwa kila mwaka kabla ya Ramadhani kama walivyokuwa wakifanya wazee.

Katika vitu vya kununua, mkeka mzuri wa ukindu, wenye kili zilizotiwa rangi, hupamba sakafu yoyote, na fedha yake huingia katika mkono wa mwanamke wa kwetu aliyeusuka. Chungu cha mrehani na mti wa asumini uani hutoa harufu ambayo maua ya plastiki hayatatoa hata siku moja. Na vitabu vya marehemu baba vilivyofungiwa kabatini nyuma ya kioo, ufunguo wake haujulikani ulipo, vitolewe viwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto wafika. Vivyo hivyo Ayatul-Kursiyyu ya dhahabu iliyotundikwa juu sana, juu ya televisheni, hata hakuna awezaye kuisoma: ishushwe kwa kimo cha macho ya mtu aliyeketi.

Na yule ambaye amekwisha kununua makochi, na deni bado analilipa, hatumwambii ayauze, kwani atapata nusu ya bei na deni litabaki. Na atwae mkasi, aikate ile mifuko ya plastiki, afungue mlango wa sebule na madirisha yake mawili, awaite watoto waje na vitabu vyao wafanye kazi ya skuli juu ya ile meza ya kioo, na bibi mzee aletewe mto.