Kusaidia Ugenini

Msomaji, huenda siku moja moyo wako ukakutuma kuvuka bahari, ukafanye kazi bila mshahara katika shule ya watoto wenye ulemavu. Nia hiyo ni njema; lakini nia njema ni mbegu tu, haijawa chakula. Kabla hujafunga mizigo, jiulize: Je, naenda kutoa, au naenda kujipatia?

Swali hili si la dhihaka. Wako waendao ugenini kwa majuma machache. Mtoto huzoea sauti yao na mkono wao. Kisha wao hurudi kwao na picha nyingi na sifa njema, naye mtoto huachwa aanze kumzoea mwingine. Hakuulizwa shauri. Amegeuzwa ngazi ya watu kupandia sifa.

Tazama sasa mfano mwingine. Andrew Foster alizaliwa mwaka wa 1925 katika jimbo la Alabama, Marekani. Alipokuwa na miaka 11 aliugua homa ya uti wa mgongo, akawa kiziwi. Mwaka wa 1954 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington. Angeweza kukaa kwao na heshima hiyo. Badala yake, mwaka wa 1957 alifungua shule ya viziwi mjini Accra, Ghana. Na hata alipofariki mwaka wa 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 barani Afrika.

Ubora wa kazi yake haukuwa katika wingi wa shule peke yake. Foster hakuwatazama watoto wale kwa huruma ishukayo kutoka juu. Alikuwa kiziwi mwenzao. Tena aliwafundisha viziwi wa Afrika kazi ya ualimu, ili kazi isife pamoja naye.

Walakini, hata mtu huyu hakuepuka kosa la wageni. Ishara alizofundisha zilitoka Marekani. Huko Ghana, katika kijiji cha Adamorobe, wenyeji walikuwa na lugha yao ya ishara tangu zamani, na lugha hiyo leo inafifia mbele ya ile ifundishwayo shuleni. Zawadi kubwa ilikuja, na kwa kuja kwake ikafunika kilichokuwapo.

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami naongeza: mgeni akipewa jembe, na amwulize mwenye shamba mahali pa kulima. Asiyeuliza huenda akang'oa mmea akidhani ni gugu.

Basi, kijana, ukitaka kujipima, usingoje safari. Yuko mtoto kiziwi au kipofu karibu na kwenu. Je, unajua jina lake? Umepata kumwuliza anataka nini? Ukishindwa kuketi naye hapa, bahari haitakufundisha.