Rahisi kwa Nani?

Kuna viwanda China vinavyokutengenezea bodi ya saketi kwa bei poa, bora isizidi milimita 100 kwa 100. Ukipita hapo, bei inaruka. Mimi nataka ya 300 kwa 300, ya saa ya ukutani.

Watu huniambia, si uitengeneze tu nyumbani na feriki kloraidi, ile dawa ya kula shaba? Lakini ikishakula, naimwaga wapi? Nikiimwaga kwa sinki, shaba inateremka hadi mtoni, sumu kwa samaki. Basi bei haijapungua. Imehamia kwa mtu wa huko chini anayemwagilia sukuma, ambaye hatawahi kuiona saa yangu.

Kiwanda nacho kina taka, ila kina wajibu wa kuzisafisha.

Nitaunganisha bodi 9 ndogo. Saa itaonyesha viungo. Wacha ionyeshe.